Mkono Ambao Rutashobya Hakuufungua

Kwenye mashamba ya majaribio pale Maruku kila shina la mgomba lilikuwa na kibao chake, na kila kibao kilikuwa na mwandiko wa Theopista. Aina ya mgomba, tarehe ya kupandwa, namba ya kitalu. Masista walikuwa wamemfundisha kuandika herufi zilizosimama wima, zisizogusana, na mvua za Maruku zilizofuta rangi za kuta hazikuwahi kufuta hata herufi yake moja. Mwaka 1969 alikuwa na miaka ishirini na tisa, hajaolewa, amepanga chumba Bilele mjini Bukoba. Alfajiri ya kila Jumatatu alipanda Land Rover ya ofisi, akashuka Maruku, akalala nyumba za wafanyakazi mpaka Jumamosi. Mama yake kule Kagoma alikuwa ameacha kumuuliza habari za mchumba. Siku hizi aliuliza tu kama anakula.

Mwaka huohuo aliletwa Mjapani mmoja, Bwana Nagasawa, mtaalamu wa fukusi, wale wadudu wanaotoboa shina la mgomba mpaka linaanguka na mkungu wake. Alikuwa mtu mkimya, mwembamba, aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu, akakisema polepole kana kwamba anakisoma ukutani. Jumapili moja aliwaita nyumbani kwake watu watatu: Theopista, Mwijage, fundi seremala wa shambani, ambaye pia alikuwa mwalimu wa kwaya ya Walutheri, na Rutashobya, dereva wa ile Land Rover.

"Mchezo huu ni wa watu wanne," aliwaambia. "Mimi ni mmoja."

Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na vigae mia moja thelathini na sita, vidogo kama vipande vya sabuni iliyokwisha kutumika, mgongo wa mwanzi, uso wa mfupa. Vingine vilichorwa mianzi, vingine miviringo, vingine maandishi ya kwao, moja hadi tisa, na vichache vilikuwa na alama za pepo. Kila kigae kilikuwa na wenzake watatu wanaofanana nacho kabisa. Vinapangwa ukuta katikati ya meza. Kila mchezaji anashika kumi na vitatu, anachota kimoja ukutani, anatupa kimoja mezani, mpaka mmoja apate mafungu manne ya vitatu vitatu, vinavyofanana au vinavyofuatana, pamoja na jozi moja. Ukibakiza kigae kimoja tu mkono ukamilike, unangoja.

Kwenye kungoja ndipo Nagasawa alipokuwa mwalimu mkali. Alimwekea Theopista vigae viwili mbele yake, sita ya mianzi na nane ya mianzi, na pengo katikati.

"Unangoja nini?"

"Saba."

"Ziko ngapi sandukuni?"

"Nne."

Akaondoa nane, akaweka tano kushoto kwa sita. "Na sasa?"

Theopista alitazama. Tano na sita. "Nne au saba. Zote mbili zinafaa."

"Ziko ngapi?"

"Nane."

"Basi. Ukiwa na kungoja kwembamba, kaa kimya. Angalia vigae walivyotupa wenzako. Ikija tano, ipokee, itupe nane. Mkono umekuwa mpana, na hakuna aliyejua."

Lakini mchezo ulikuwa na mtego wake. Mtu anayengoja aliruhusiwa kutangaza. Nagasawa alisema richi, wao wakasema "nafunga." Aliyefunga akishinda hulipwa zaidi, ila mkono wake haubadiliki tena. Hata akichota kigae kizuri cha kuupanua, atakitupa. Mwenzake akitupa kile anachongoja, atasema "nachukua," na aliyetupa atalipa peke yake. Akikichota mwenyewe ukutani, wote watatu watagawana malipo. Walilipana kwa njiti za kiberiti, na mchezo ukiisha njiti zilirudi kwenye kiberiti chake.

Theopista alilishika somo lile upesi. Kazini alikuwa amezoea kuhesabu kilichopo na kisichokuwepo, na ndani ya miezi michache aliweza kutaja vigae vilivyobaki ukutani bila kukosea sana. Mwijage alicheza kama anavyopiga randa, taratibu. Rutashobya ndiye asiyefundishika. Alikuwa mtu wa Kagoma, jirani wa kina Theopista, mwenye miaka kama arobaini na sita, kifua kipana, kikohozi cha tumbaku. Alipoendesha alipita malori kwenye kilima cha Kanyigo na kwenye kona, na mezani alikuwa vilevile. Akipata tu kungoja kokote, hata kwembamba kama sindano, anagonga meza kwa kidole na kusema, "Nafunga."

"Ta Rutashobya, subiri waitu," Theopista alimbembeleza kwa heshima ya Kihaya zaidi ya mara moja. "Mzunguko mmoja tu."

"Mwanangu, mimi sikuumbiwa kusubiri," alijibu.

Nagasawa aliondoka mwishoni mwa mwaka 1971. Sanduku alimwachia Theopista. Kiti chake kikachukuliwa na Ildefons, mtunza ghala la mbolea, mtu mwenye ubishi wa kupendeza ambaye hakuamini kitu mpaka akiguse. Mchezo ukahamia Bilele, chumbani kwa Theopista, Jumapili baada ya misa na ibada, chai ikiwa kwenye birika na kahawa ya kutafuna kwenye kisahani.

Ilikuwa Jumapili ya Oktoba, mwaka 1972, saa tisa mchana, mvua ikipiga bati kiasi kwamba walilazimika kupaza sauti. Mkono ulikuwa umefika mzunguko wa sita. Rutashobya aligonga meza kwa kidole.

"Nafunga."

Mzunguko wa saba akachota, akatazama, akacheka kwa pua, akatupa. Tano ya mianzi. Mzunguko wa nane akanyoosha mkono, akachukua kigae ukutani, na hakukigeuza. Alibaki amekishika. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa jina kutoka chumba kingine. Kisha akaenda chini kwa nyuma, kiti na yeye pamoja.

Mwijage na Ildefons walimbeba nje kwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali, ingawa wote waliona kwamba amekwisha kufa. Theopista alibaki mlangoni kidogo akitafuta kanga ya kumfunika, na alipogeuka aliona kwamba mezani vigae vya Rutashobya vilikuwa bado vimesimama. Havikutikisika. Kumi na vitatu, vimempa mgongo kila mtu. Akazunguka meza akavisoma. Mafungu matatu yametimia, jozi ipo, na mwisho kulia sita ya mianzi na nane ya mianzi, na pengo katikati.

Alikuwa anangoja saba. Na ile tano aliyoitupa akicheka ilikuwa mbele yake, mezani.

Theopista hakujua kwa nini alichukua kibao kitupu cha mgomba kutoka kwenye mkoba wake wa kazi akaandika mkono ule wote, kigae kwa kigae. Ilikuwa desturi ya vidole vyake. Kisha akavisukuma vigae vyote sandukuni, akakimbilia nje na kanga.

Wakamzika Kagoma, kwenye kibanja chake, kati ya migomba na mibuni aliyoipanda mwenyewe.

Ilipita miezi mitatu kabla hawajakaa tena mezani. Walipopanga ukuta, kigae kimoja kilipungua. Theopista alihesabu mara mbili, akakuta ni nne ya mianzi, zimebaki tatu tu. Wakadhani ilidondoka siku ile ikaingia kwenye nyufa za sakafu. Mwijage akachonga nyingine kwa mti wa mkora, akaichora kwa wino. Wakacheza watatu, upande wa nne wakauacha wazi.

Mwijage ndiye aliyetupa saba ya mianzi ya kwanza.

Ilipogusa meza, mtu alisema, "Nachukua."

Haikuwa sauti kubwa. Ilitoka upande ule wa wazi, kwa urefu wa mtu aliyekaa, ikiwa na kikohozi kidogo nyuma yake. Theopista alimtazama Mwijage, Mwijage akamtazama Ildefons. Mchana ulikuwa mweupe, watoto wa jirani wakicheza uani, redio ya mtu ikisoma salamu. Hakuna aliyesema amesikia. Ildefons akachota, akatupa, mchezo ukaendelea mpaka ukaisha. Walipokusanya vigae, ile saba haikuwa mbele ya Mwijage alipoiacha. Ilikuwa upande wa wazi, imelazwa chali pembeni, mahali ambapo mshindi huweka kigae alichochukua.

Jumapili iliyofuata Mwijage alisimama mbele ya kwaya yake, akainua mikono, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Haikuwa mafua. Hakuwa na maumivu. Daktari alimulika koo lake, akasema ni koo zuri. Hata kunong'ona hakuweza. Akaanza kutembea na ubao wa shule na kipande cha chaki, vikining'inia kwa kamba shingoni.

"Ni ugonjwa wa kawaida," Ildefons alisema walipokutana tena. Yeye ndiye aliyesisitiza wacheze. "Koo linaugua kama mguu unavyougua. Mnataka kuniambia kigae cha mfupa kimekula sauti ya mtu?"

Mwijage aliandika ubaoni: *Ulisikia.*

"Nilisikia redio."

Walicheza. Theopista alikuwa na saba ya mianzi mkononi tangu mwanzo, na aliikumbatia ile saba hata mkono wake ulipoharibika. Mwijage alikuwa na nyingine, naye akaishika. Ildefons akachota ya tatu. Aliigeuza akawaonyesha wote, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu mkononi, halafu akaiweka mezani kwa makusudi.

"Nachukua," ilisema ile sauti.

Safari hii Ildefons aliinuka, akaenda upande wa wazi, akapitisha mkono hewani juu ya kiti. Akarudi akakaa.

Tangu siku ile Ildefons hakulala. Hakulala vibaya, wala hakulala kidogo. Hakulala kabisa. Siku ya nne alikosea kugawa mbolea. Siku ya tisa alikuwa anasimama mlangoni pa ghala akiwasalimu watu waliokwisha kupita. Mkewe alimchemshia majani, padre akamwombea, na siku ya kumi na mbili macho yake yalikuwa mekundu kama senene aliyekaangwa. Aliongea kwa utaratibu wa kutisha, kila neno mahali pake, hakuna linalohusiana na lingine.

Theopista hakutupa saba yoyote, lakini hakuachwa. Asubuhi moja Maruku aliandika vibao arobaini vya miche mipya. Msimamizi wake alivirudisha mchana. Vyote vilikuwa na mwandiko wake mzuri uliosimama wima, na vyote viliandikwa *Kitalu 7*. Shamba lile lilikuwa na vitalu sita.

Usiku na mchana alifikiri juu ya jambo lile, na alilifikiri kama Nagasawa alivyomfundisha, kwa kuhesabu kilichopo. Rutashobya alifunga. Mkono wake haukuwahi kufunguliwa mezani. Yeye mwenyewe, Theopista, ndiye aliyeusukuma sandukuni. Kwa hiyo mkono ule ulikuwa bado umesimama mahali fulani, unangoja saba. Kila atupaye saba analipa peke yake, kisha mkono unabaki palepale, kwa sababu hakuna wa kuulaza. Kuacha mchezo kungemsaidia yeye tu. Mwijage asingepata sauti, na Ildefons angekufa.

Njia iliyobaki ilikuwa Rutashobya ajichotee mwenyewe, wagawane malipo watu watatu. Lakini vigae zaidi ya sabini vingekuwa ukutani, na saba zilikuwa nne tu. Ukuta ungekwisha kabla hajaipata.

Alitoa kile kibao chenye mkono wa Rutashobya, akakiweka mezani Bilele, akawaita wenzake.

"Kungoja kwake ni kwembamba mno," aliwaambia. "Lazima tukupanue. Ile tano aliyoitupa, tumruhusu aichukue. Nane itoke. Hapo atangoja nne na saba, na tutampa nafasi ya kuchota."

Mwijage aliandika kwa haraka mpaka chaki ikakatika: *Aliyefunga hafungui. Ndiyo sheria.*

"Ni sheria ya watu walio hai, Mwijage. Mtu hufunga akijua atakuwepo mwisho."

Ildefons alikuwa anatazama ukuta wa chumba. "Nani atamchotea?" aliuliza, na lilikuwa jambo la kwanza la maana alilosema kwa siku mbili.

Theopista alikuwa amelifikiria hilo pia.

Wakapanda basi la Muleba Jumamosi asubuhi, sanduku likiwa miguuni mwa Theopista limefungwa kwenye kitenge. Ildefons alikaa katikati yao ili asianguke. Wakati huo barabarani kulikuwa na mabango ya vijiji vipya, na kwenye basi watu walibishana juu ya nani atahamishwa na nani ataachwa kwenye kibanja chake. Hakuna aliyewatazama wale watatu, mmoja na ubao shingoni, mmoja na macho mekundu, mmoja amelibana sanduku kwa miguu.

Georgina, mjane wa Rutashobya, alikuwa anaanika kahawa uani. Theopista akapiga magoti akamsalimu kwa Kihaya kama alivyomsalimu tangu utotoni. Georgina akawatazama wageni wake mmoja baada ya mwingine, akaacha kazi, akawaingiza ndani, akawapa ndizi zilizopikwa na maharage kabla hajauliza neno. Walipokwisha kunawa ndipo aliposema:

"Haya. Semeni. Hamkuja kula."

Theopista alimweleza yote, bila kupunguza. Georgina alisikiliza huku akichambua punje za kahawa zilizokwama kwenye kanga yake. Hakushangaa sana.

"Mtu yule," alisema mwishowe, "siku ya harusi yetu aliondoka kanisani kabla ya baraka. Alitaka kuwahi kuwasha moto wa nyama." "Na mimi nakaa wapi?"

"Upande wake, Ma Georgina. Wewe utachota tu. Mimi nitakuonyesha cha kutupa."

Wakasogeza meza karibu na dirisha lililoelekea migomba. Kaburi lilionekana kutoka pale, limeota majani mafupi. Theopista akafungua sanduku, akasoma kibao, akaupanga mkono wa Rutashobya kama ulivyokuwa: mafungu matatu, jozi, sita, nane, na pengo. Mbele yake akaiweka ile tano ya mianzi.

Kisha akafanya jambo ambalo Nagasawa asingelikubali. Aliichukua tano mezani, akairudisha mkononi kushoto kwa sita, akaitoa nane akailaza nje.

"Ta Rutashobya," alisema akielekea dirishani, kwa sauti ya kazini anayotumia kusoma namba. "Tumekufungulia. Sasa unangoja nne na saba."

Upepo ulikuwa haupo. Nje, jani moja kubwa la mgomba kati ya mamia lilianza kupepea, peke yake, juu na chini, kama kiganja cha mtu anayejipungia joto. Wenzake wote walitulia. Mwijage aliliona, akaanza kufuta ubao wake ambao haukuwa na kitu.

Theopista alianza kupanga ukuta. Alipofika kwenye kile kigae cha mkora chenye wino, Georgina aliinyoosha shingo.

"Hicho mbona si kama vingine?"

"Tulikichonga. Kimoja kilipotea siku ile."

Georgina aliinuka, akaingia chumba cha ndani. Walimsikia akivuta sanduku la bati. Akarudi na kipande cha kitambaa cha gome la mti kilichofungwa fundo, akakifungua mezani.

"Walipomleta alikuwa amekunja ngumi," alisema. "Nikamkunjua kidole kimoja kimoja wakati wa kumwosha. Nikakuta hiki. Nilidhani ni dawa. Niliogopa kumzika nacho, nikaogopa kukitupa."

Kilikuwa kimelala kifudifudi. Mgongo wa mwanzi.

Theopista alijua ni kigae gani kabla hakijageuzwa, kwa kuwa alikuwa amehesabu kilichopungua. Jambo ambalo hakulijua, na ambalo sasa lilimpanda taratibu kutoka miguuni, ni kwamba hakikuwa kimepotea. Kile ndicho Rutashobya alichochota mzunguko wa nane. Kama angekaa kimya mzunguko mmoja tu, kama angeipokea ile tano, angekuwa ameshinda kwa mkono wake mwenyewe na kigae kikiwa vidoleni.

"Kigeuze, Ma Georgina," alisema. "Wewe."

Georgina akakigeuza. Nne ya mianzi.

Theopista akamwongoza mkono mpaka wakakiweka mahali pake. Nne, tano, sita. Halafu akaulaza mkono wote chali, vigae kumi na vinne, nyuso juu, kila mtu aone. Hakuna sauti iliyosema nachukua. Kilichosikika kilikuwa kidole kigumu kikigonga ubao wa meza mara moja, upande wa Georgina, na mikono yote miwili ya Georgina ilikuwa mapajani.

Lile jani nje likashuka.

Ildefons alilaza kichwa mezani kati ya vigae, akalala hapohapo. Walimwacha mpaka jua lilipopungua, wakambeba mpaka kwenye mkeka, akalala siku nzima ya Jumapili.

Mwijage alijaribu sauti yake nyuma ya nyumba, akiona haya. Ilitoka. Alisema jina lake, akasema jina la mkewe. Alipojaribu kuimba alikuta sauti za juu hazipo, kama ngazi iliyokatwa vipago vya mwisho. Tangu hapo aliimba besi, na kwaya yake ikatafuta mwingine wa kuongoza. Ildefons alilala kila siku ya maisha yake, ila hakuota tena. Alisema ni kama kuzimwa na kuwashwa. Hivyo Theopista alijua kwamba malipo yamegawanywa, na akawa anangoja kugundua la kwake. Alijipima macho, masikio, kumbukumbu. Kila kitu kilikuwepo. Ilifika Septemba, mibuni ikachanua pote, na wanawake aliopanda nao Land Rover wakafungua madirisha na kuvuta pumzi, wakisema harufu ya maua ya kahawa mwaka huu imezidi. Yeye alivuta pumzi mpaka kifua kikauma. Alisikia harufu ya petroli, ya udongo, ya sabuni ya mwanamke wa pembeni. Hakusikia kahawa. Akafunga dirisha lake.

Mwaka 1974 alihamishiwa upande wa Muleba, kufundisha upandaji wa migomba misafi kwenye kijiji kipya cha ujamaa, na jioni kufundisha watu wazima kusoma. Alipenda kazi ile kuliko alivyotarajia. Wanawake waliokuwa na umri wa mama yake walikaa kwenye madawati ya watoto, wakiandika herufi zilizosimama wima. Mkuu wa darasa la pili la watu wazima alikuwa Buberwa, mwalimu aliyefiwa na mke, mtu wa polepole aliyeweza kumaliza kikombe kimoja cha chai ndani ya saa nzima. Alimposa baada ya miaka miwili ya kumsindikiza barabarani bila kusema lolote. Theopista hakumharakisha.

Walifunga ndoa Kagoma, mwezi wa Mei, katika mvua. Lori lililoleta viti vya kanisani likazama kwenye tope mita mia moja kabla ya kufika, na waalikwa wakavua viatu, wakapandisha nguo magotini, wakalisukuma wote, bwana harusi akiwa mbele upande wa kushoto. Theopista alisimama ukumbini mwa nyumba ya mama yake akiwatazama na kungoja bila haraka, shela limekunjwa mkononi lisilowe, mpaka lori likatoka.